Baba akiinama hupigwa na shoti mgongoni: je, mionzi na dripu vimeharibu uti wake?

Shikamoo mama mshauri.

Naandika kutoka Mtama, mkoani Lindi, kwa niaba ya baba yangu mwenye umri wa miaka 58, ambaye mapema mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya koromeo, sehemu ya juu nyuma ya pua. Ilianza kwa damu kutoka puani na tezi kuvimba shingoni, na tulihangaika sana hadi tulipopata rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Huko alipigwa mionzi kwa wiki saba, siku tano kwa wiki, na kila wiki alitundikiwa dripu ya dawa inayoitwa sisplatini. Mionzi ilikwisha mwishoni mwa Juni. Baada ya hapo aliambiwa kwamba atapata dripu nyingine za duru tatu, na amekwisha kupata mbili. Tezi za shingoni zimekwisha, damu haitoki tena, na anakula vizuri kiasi, ingawa mdomo bado ni mkavu na hatembei bila chupa ya maji.

Shida imeanza wakati huu wa msimu wa korosho. Siku moja tulikuwa shambani tunaokota, naye akainamisha kichwa kutazama chini ya mkorosho, mara akasimama ghafla na kushika kiuno, akasema amepigwa na shoti ya umeme iliyoanzia shingoni, ikashuka mgongoni hadi kwenye nyayo. Ilipita kwa muda mfupi sana. Tangu hapo inamrudia kila anapokunja shingo, na inamsumbua zaidi kwenye sala, kwa sababu kila rukuu humletea shoti ile ile. Pamoja na hilo, vidole vyake vya mikono na miguu vina ganzi. Korosho zinamponyoka mkononi, na kufunga vifungo vya shati siku hizi anamwomba mama. Anatembea mwenyewe, na haja kubwa na ndogo anazipata kama kawaida.

Mjomba wangu, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kauli katika mambo ya familia, anasema kwamba kuchanganya mionzi na dripu ndiko kulikomuunguza uti wa mgongo. Anatukumbusha habari za mgonjwa mmoja ambaye baba alimwona wodini, aliyepata vyote viwili na sasa hatembei. Amekwisha kumpata mtu wa kumkanda baba na kuunyoosha mgongo, na anataka duru ya tatu ya dripu isifanyike kabisa. Baba mwenyewe ameanza kukubaliana naye. Mimi ndiye niliyesaini karatasi za matibabu, na kila mtu nyumbani ananitazama mimi. Je, ni kweli kwamba uti wake umeharibika? Na je, tumrudishe Dar es Salaam au tumwache apumzike?

Binti wa Mtama

JIBU

Marahaba, binti yangu. Mpe baba pole nyingi, na wewe pokea pole yako, kwa maana kumuuguza mzazi zaidi ya kilometa 400 kutoka nyumbani ni kazi nzito, na kulaumiwa baada ya kazi hiyo ni mzigo wa pili. Nimewauguza wagonjwa wa saratani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na swali lako nimelisikia kutoka kwa familia nyingi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Nakuomba umsomee baba na mjomba jibu hili lote, wasisikie vipande tu.

Nianze na shoti, kwa kuwa ndiyo iliyowatisha. Hali hiyo inafahamika vizuri katika utabibu. Daktari Mfaransa wa mishipa ya fahamu, Jean Lhermitte, aliieleza kwa undani mwaka 1924, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ndani ya pingili za mgongo unapita uti wenyewe, yaani fungu la nyuzi za fahamu zinazopeleka na kurudisha habari kati ya ubongo na mwili, na kila uzi umefunikwa kwa utando laini wa mafuta, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Mionzi ikipita karibu na uti, seli zinazotengeneza utando huo hupungua kwa muda, nyuzi hubaki na kifuniko chembamba, na mtu akikunja shingo uti huvutika kidogo na nyuzi hizo hujipigia zenyewe. Ndiyo maana baba hupata shoti akiinama kuokota korosho au akirukuu, na haipati akiwa amekaa akitazama mbele.

Jambo la kutia moyo ni wakati ilipoanza. Shoti ya aina hii inayoletwa na mionzi kwa kawaida hutokea miezi miwili hadi minne baada ya mionzi kwisha, kisha hufifia yenyewe katika miezi inayofuata, kwa sababu seli za kutengeneza utando huzaliwa upya. Baba amemaliza mwishoni mwa Juni na shoti imeanza katika msimu wa korosho, kwa hiyo hesabu yake inaangukia pale pale panapotarajiwa. Shoti hii peke yake, pasipo miguu kulegea na pasipo shida ya mkojo, mara nyingi huondoka bila dawa yoyote, wala haina maana kwamba mgonjwa yuko njiani kupooza.

Hata hivyo siwezi, nikiwa mbali, kusema kwamba ni mionzi tu. Sisplatini nayo, hata ikitolewa bila mionzi, inaweza kuleta shoti hiyo hiyo. Upungufu wa vitamini B12 huweza kuileta pia, na mtu aliyepitisha miezi mingi akinywa uji na maji kwa sababu koo lilikuwa na vidonda anastahili kupimwa damu kwa ajili hiyo. Nataka daktari amwone baba, amkague nguvu za miguu na mikono, amgonge magoti kwa kinyundo, na apime hisia za nyayo. Uchunguzi huo wa awali hauhitaji mashine, na unaweza kufanyika hapo hapo Lindi, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine.

Sasa nije kwenye neno la mjomba kwamba kuchanganya ndiko kulikomuunguza. Hofu yake haikuzuka hewani, kwani uti wa mgongo ni miongoni mwa viungo ambavyo madaktari wa mionzi huviogopa kuliko vyote. Ukipewa dozi kubwa kupita uwezo wake, huweza kuharibika kabisa, na uharibifu huo ukishatokea hatuna dawa ya uhakika ya kuurudisha. Huja kwa kuchelewa, mara nyingi kati ya miezi sita na miaka miwili au zaidi baada ya tiba. Huanza polepole, bila maumivu makali: mguu mmoja unakuwa mzito, upande mwingine wa mwili haujui tena tofauti ya maji ya moto na ya baridi, kisha mkojo unaanza kusumbua. Kwa sababu hiyo kazi yote inafanyika kabla, wakati wa kupanga mionzi, na hapo ndipo familia nyingi hazikuelezwa chochote.

Kwa saratani ya nyuma ya pua, uvimbe wenyewe hupewa kwa kawaida dozi ya grei 70 (grei ni kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini), ikigawanywa katika siku 33 hadi 35. Uti uko nyuma kidogo tu ya hapo, lakini kikomo chake ni kidogo zaidi: wapangaji huuwekea mpaka wa grei 45 hadi 50 kwa vipimo vya grei 2 kwa siku. Katika mpaka huo wa grei 50 hatari ya uti kuharibika kabisa inakadiriwa kuwa karibu asilimia 0.2, yaani watu 2 katika 1,000. Ukifika grei 60 hupanda hadi karibu asilimia 6, na ukikaribia grei 70 ni kama nusu kwa nusu. Baba bila shaka anakumbuka kile kinyago cha plastiki chenye matundu kilichomfunika uso na kufungwa kwenye meza kila asubuhi. Watu wengi hukichukia, lakini kazi yake ni kuzuia kichwa kisisogee hata kidogo, ili mionzi iuguse uvimbe na uti ubaki nje ya eneo la dozi kubwa. Kuigawa dozi kwa wiki saba nako kuna sababu hiyo hiyo, kwa maana uti hustahimili vipimo vidogo vidogo vizuri zaidi kuliko vipimo vichache vikubwa, hata kama jumla yake ni ile ile.

Je, dripu hupunguza ustahimilivu huo? Jibu linategemea dawa na njia inayopitia. Zipo dawa kama methotreksati na sitarabini ambazo kwa baadhi ya saratani za damu huchomwa moja kwa moja katika maji yanayozunguka uti, na hizo zikikutana na mionzi ya kichwa au mgongo huweza kuongeza hatari ya kuumia kwa uti, ndiyo maana madaktari huzipangia wakati wake kwa uangalifu mkubwa. Baba hakupata dawa za njia hiyo. Sisplatini ya mshipani imetolewa pamoja na mionzi kwa wagonjwa wengi sana duniani, na uharibifu wa kudumu wa uti umebaki kuwa nadra pale ambapo dozi ya uti haikuvuka mpaka. Kinachoonekana zaidi kwa waliopata vyote viwili ni hii shoti ya kupita anayoipata baba.

Na sababu ya kuchanganya mjomba anastahili kuijua kwa takwimu. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1998 uliwalinganisha wagonjwa wa saratani kama ya baba: waliopata mionzi peke yake, asilimia 47 walikuwa hai baada ya miaka mitatu, waliopata mionzi pamoja na sisplatini, kisha duru tatu za nyongeza, walikuwa asilimia 78. Tangu wakati huo madaktari wa nchi nyingi wamefuata njia hiyo, na ndiyo njia uliyoisainia. Ulisaini karatasi sahihi, binti yangu, na sipendi kusikia kwamba wewe ndiwe unayetazamwa kwa jicho baya.

Ganzi ya vidole ni habari nyingine, na mimi inanishughulisha kuliko shoti. Hiyo haitoki kwenye uti. Sisplatini hujikusanya katika vifundo vya fahamu vilivyo kando ya uti, vile vinavyopokea hisia kutoka mikononi na miguuni, na nyuzi ndefu kuliko zote ndizo huanza kuumia. Kwa hiyo ganzi huanzia kwenye ncha za vidole na kupanda kama soksi na glovu. Kwa wengi huanza kuonekana jumla ya dawa inapokaribia miligramu 300 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Ukijumlisha dripu za kila wiki na hizo duru mbili, yaelekea baba amekwisha kuvuka hapo. Tena ganzi hii ina tabia ya kuendelea kuongezeka kwa miezi kadhaa hata baada ya dawa kusimamishwa, kabla ya kutulia na kuanza kupungua. Mtu anayeshindwa kufunga vifungo vya shati amefikia kiwango ambacho daktari wake lazima akijue kabla ya kumtundikia chupa nyingine.

Hapo ndipo lilipo jibu la duru ya tatu. Msiamue nyumbani kwamba haifanyiki, na wala msimpeleke baba akae kitini na kunyoosha mkono bila kusema neno. Faida kubwa zaidi ya sisplatini katika ugonjwa huu imeonekana inapotolewa sambamba na mionzi, na hiyo baba ameshaipata. Kuhusu duru za nyongeza daktari ana nafasi ya kupima faida na madhara: anaweza kuiacha, kupunguza kipimo, au kubadilisha dawa na kutumia kaboplatini, ambayo haiumizi sana mishipa ya fahamu. Muulizeni waziwazi, “Vidole vyake vimefikia hapa, hawezi kufunga kifungo, je, duru hii bado ina faida kuliko madhara?” Mwelezeni pia kama masikio yake yanavuma, kwa sababu dawa hiyo hugusa usikivu. Pigeni simu kliniki kabla ya tarehe ya dripu, mpeleke maelezo hayo, na ikiwa nauli ni tatizo mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjauza chochote.

Mkiwa huko, ombeni muhtasari wa tiba ya mionzi kwa maandishi: dozi yote aliyopewa, idadi ya siku, eneo lililopigwa, na dozi ya juu kabisa iliyofika kwenye uti. Karatasi hiyo mara nyingi haiombwi na mtu, nami huwasihi wagonjwa waitunze pamoja na hati ya shamba. Uti hausahau mionzi. Hupata nafuu kwa kiasi kadiri miezi na miaka inavyopita, lakini sehemu ya dozi ya kwanza hubaki katika hesabu, na siku baba akihitaji mionzi tena katika eneo hilo, daktari asiye na namba hizo atalazimika ama kukisia au kumnyima tiba. Pigeni picha ya karatasi hiyo, iwe katika simu yako na simu ya mdogo wako.

Kuhusu yule mgonjwa wa wodini asiyetembea, sijui kilichompata na sitakisia ugonjwa wake. Ninalojua ni kwamba sababu inayowalaza wagonjwa wa saratani mara nyingi zaidi kuliko mionzi ni saratani yenyewe kuhamia kwenye pingili na kuubana uti. Huku kwetu kuna kifua kikuu cha mgongo pia, ambacho hubana uti kwa namna hiyo hiyo na kinatibika. Mtu aliyelala kitandani hana alama usoni inayosema alilazwa na kipi, na watu wa wodini hukisia kile wanachokiona, yaani dripu na mashine.

Kwa sababu hizo hizo, nakuomba kwa heshima zote umwambie mjomba kwamba baba asikandwe mgongo, asikanyagwe, asivutwe wala kugeuzwa shingo kwa nguvu na mtu yeyote. Ikiwa pingili moja imeliwa na ugonjwa bila sisi kujua, mkono wa mkandaji unaweza kuivunja juu ya uti, na hapo baba anaweza kupooza siku hiyo hiyo. Kama mjomba anataka kumfanyia jambo la maana, basi asimamie msimu wa korosho ili baba asiiname mchana kutwa, na ashike zamu ya kumsindikiza hospitali. Baba avae viatu vilivyofungwa shambani kwa sababu nyayo zenye ganzi hazisikii mwiba, na maji ya kuoga yajaribiwe na mkono wa mtu mwingine. Katika sala, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali ameketi na kuashiria kwa kadiri anavyoweza. Imamu wa msikiti wenu atamwelekeza, na shoti zitapungua bila yeye kukosa kipindi.

Sasa sikiliza sehemu hii kuliko zote. Mguu mmoja au yote ikianza kulegea, baba akijikwaa mahali anapopita kila siku, akihisi kama amefungwa mkanda wa kubana kifuani au tumboni, ganzi ikipanda kutoka miguuni hadi kiunoni au ikishika sehemu za siri, mkojo ukigoma au ukimtoka bila kujua, au yakija maumivu mapya ya mgongo yanayozidi usiku akilala na akikohoa, hapo hamsubiri tarehe ya kliniki wala mnada wa korosho. Uti uliobanwa huhesabiwa kwa saa: aliyefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea, na aliyefika baada ya miguu kufa kwa siku kadhaa mara nyingi hairejeshi. Hospitali iliyo karibu inaweza kumwanzishia dawa ya kupunguza uvimbe kwenye uti huku ikiandaa rufaa, kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara, au Dar es Salaam, na kipimo kinachotakiwa ni MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ya mgongo wote. Msimpe dawa hizo wenyewe kutoka dukani.

Mkifika mapokezi usiku wa namna hiyo, msiseme “mzee anaumwa mgongo,” kwa maana mtawekwa kwenye foleni na watu wengi wanaoumwa mgongo. Semeni hivi: “Huyu ni mgonjwa wa saratani, alipigwa mionzi ya shingo na kupata sisplatini mwaka huu, na miguu yake imeanza kulegea leo, tunaomba daktari amwone sasa hivi kwa hofu ya uti wa mgongo kubanwa.” Iandike sentensi hiyo kwenye kipande cha karatasi na uibandike nyuma ya kadi yake ya kliniki, ili yeyote atakayekuwa naye nyumbani siku hiyo aweze kuisoma.